Kazi ya Namba Kumi ni Kungoja

Ijumaa asubuhi, Jeddah. Unyevu, na mwili mzito.

Kosa ambalo wengi wetu hulifanya ni kudhani kwamba mchezaji anayeng'aa mazoezini kisha akazimika siku ya mechi hana roho ya mpira. Tunasema ana miguu lakini hana kifua. Tukishasema hivyo tunaridhika, maana hapo hakuna kazi iliyobaki. Mtu asiye na kifua huwezi kumpandikiza kingine, unamtoa tu na kutafuta mwenzake.

Nimelisikia kosa hilo wiki nzima, asubuhi na jioni, na limenichosha.

Kwa msomaji anayepita hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni Mkenya mwenye mvi. Nilifundisha jiografia shule ya upili huko Taita kwa miaka mingi, na sasa naendesha basi la shule hapa Jeddah. Nalala Bani Malik, lakini timu yangu ni ya Kandara, mtaa mwingine wa hapa hapa Jeddah, kwa sababu Kandara ndiko nilikofikia na ndiko nilikopata watu. Ni timu ya madereva, walinzi, mafundi na wapakizi. Ijumaa nyingine ni mazoezi, nyingine ni mechi, kwenye uwanja wa vumbi ulio nyuma ya maghala. Nyasi hakuna, jukwaa hakuna. Mashabiki husimama kwenye mstari wenyewe, karibu kiasi kwamba mchezaji akitaka kurusha mpira kutoka nje inabidi aombe njia.

Leo alasiri tunacheza na timu ya Bani Malik. Majirani zangu walianza kunitania jana kwenye ngazi. "Mwalimu, kesho usiku utalala wapi?" Niliwajibu kwamba kitanda changu hakina timu.

Lakini si mechi yenyewe iliyoniondolea usingizi. Wiki nzima tumekuwa na swali moja, na swali hilo ni mtu: aanze au akae?

Nitamwita Mwendwa. Si jina lake. Ni kijana wa Kitui, mrefu, mpole, asiyejua kujitetea, aliyefika miezi michache iliyopita kuwa dereva wa nyumbani kwa familia moja upande wa kaskazini wa mji. Alikuja mazoezini kwetu akiwa na viatu vya kuazima. Ijumaa ile ile ya kwanza alipokea mpira katikati, akasimama nao kana kwamba amesahau jambo, mabeki wawili wakamjia, na wakati sote tulidhani ameshaupoteza, akausukuma taratibu kupitia mwanya ambao hakuna aliyeuona. Mshambuliaji wetu aliukuta mbele ya goli kama umewekwa mezani.

Kocha Saidi, fundi wa viyoyozi kutoka Mombasa, alichukua jezi namba kumi kwa Tito, mkongwe wetu, ambaye goti lake limekuwa likilia tangu mwaka jana, akampa kijana. Tito mwenyewe alipiga makofi.

Hapo ndipo furaha yetu ilipoishia.

Mazoezini amebaki vile vile, na zaidi. Siku ya mechi huja mtu mwingine ndani ya jezi ile. Mpira ukimfikia tu, anauachilia. Anaupeleka mbele kabla ya mtu yeyote kwenda mbele, anaupeleka kando ambako hakuna mtu, anawapa wapinzani kama anawarudishia mali yao. Mechi iliyopita alimpasia kocha, aliyekuwa nje ya mstari na chupa ya maji mkononi. Saidi aliutuliza kwa kifua, watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko kibaya. Kipindi cha pili kilipoanza tu akatolewa, na tulifungwa.

Wasiojua mpira sana waniruhusu nieleze, maana kueleza ndiyo tabia yangu na sina dawa yake. Namba kumi ndiye anayeamua mashambulizi yapitie wapi. Watu hudhani kazi yake ni kupiga pasi nzuri. Pasi ni mwisho tu wa kazi. Kazi yenyewe ni kungoja. Anapokea mpira, wenzake wanaanza kukimbia, wapinzani wanaanza kuvutika kumfuata yeye, na katika muda mfupi kama pumzi moja uwanja unabadilika sura. Akiachilia mapema, hakuna kilichobadilika na pasi inakwenda mahali patupu. Akichelewa sana, anakanyagwa. Namba kumi mzuri ni mtu anayeweza kukaa na mpira ndani ya ile pumzi moja bila moyo wake kumtoroka.

Mwendwa mazoezini anaikaa pumzi hiyo kama yuko barazani kwao. Kwenye mechi hana hata nusu yake.

Basi kundi letu la simu limewaka tangu Ijumaa iliyopita. Mkali kuliko wote ni Njoroge, mlinzi wa lango la jengo moja la maduka, mtu wangu wa karibu na mtu wa mdomo.

"Huyu tumtengenezee kombe la mazoezi, alichukue, tumalizane," aliandika. "Mpira ukimfikia anautupa kama sufuria ya moto. Halas, basi. Tito arudi."

Mwingine akamjibu kwamba Tito goti lake moja liko hapa na lingine liko kwenye ndege. Mwingine akasema kijana apewe winga, huko pembeni hasara yake ni ndogo. Wakaja wale wa kusema apewe muda, kila mchezaji mgeni hupitia hayo, baada ya mwaka atakuwa mwingine. Njoroge akawauliza mwaka gani, na wa nani. Hapa kila mtu yuko kwa mkataba, alisema, kafili, yaani mwajiri aliyekuleta, akiamua kuhamia mji mwingine dereva naye anahama, na hatuwezi kumkuza mtu ili akachezee timu ya watu wengine.

Nilikaa na hoja hiyo kwa muda. Ina ukweli wake. Tunazungumza habari za mustakabali wa mchezaji kama watu wenye shamba, ilhali hapa hatuna hata mche wa kupanda.

Kisha mtu akapendekeza tumpeleke Riyadhi kwa mkopo. Alitania, lakini kundi letu lina watu wa Riyadhi pia, waliokuwa Jeddah wakahamishwa na waajiri wao, na mmoja wao ni Nekesa. Nekesa ni mfanyakazi wa ndani, wa Bungoma, na hajaona mechi zetu kwa macho tangu familia anayoifanyia kazi ihamie huko. Huziona kwenye simu tu, vipande vipande, akiwa jikoni. Alituma ujumbe wa sauti huku maji yakisikika yakimiminika kwenye sinki.

"Mleteni. Lakini aje na kibali chake cha ikama, na nyinyi mje na aibu yenu. Kijana wa watu mnamtupa kwa sababu ya mechi mbili tatu? Njoroge, wewe siku yako ya kwanza kwenye lango si ulimfungia nje mwenye jengo?"

Kundi zima lilicheka, Njoroge akiwemo.

Halafu akaendelea, sauti ikashuka. Alisema huko Riyadhi nao walikuwa na golikipa kijana, dereva wa nyumbani, akafungwa mabao ya kizembe, wakamweka benchi. Wiki ya pili hakuja, ya tatu hakuja, wakasema ana kiburi. Kisha Ijumaa moja Nekesa alipelekwa na madam wake sokoni Dirah kubeba vitu, na katikati ya maduka ya mazulia akamkuta yule golikipa, mifuko mikono yote miwili, anamfuata madam wake. "Saa ile ile ya mpira," alisema. "Nikamwuliza, wewe si ulituacha? Akaniambia, dada, mimi ruhusa yangu ilikuwa ya kucheza. Sikupewa ruhusa ya kutazama."

Baada ya muda mtu akatuma picha ya paka, na mjadala ukaendelea.

Naandika haya kwa uchovu, si kwa hasira. Jambo nililoliona wiki hii na ambalo sikulipenda ni jinsi tunavyolifurahia jambo hili. Jumamosi hadi Alhamisi sisi ndio wa kukosolewa. Gari halikuoshwa vizuri, lango lilifunguliwa kwa kuchelewa, chai ina sukari nyingi, kwa nini hukupokea simu. Ijumaa inafika na kwa saa chache tuna mtu wetu wa kumkosoa. Ni raha kidogo. Nimeiona kwa wengine na nimeionja mwenyewe.

Jana nilimwona Mwendwa, kwa bahati.

Nilikuwa nimeshusha watoto shuleni na nina nafasi mpaka adhuhuri. Nikapita Kandara kunywa chai ya maziwa kwenye mkahawa mmoja mdogo uliotazamana na gereji. Nikamkuta yeye, peke yake, anangoja gari la bosi wake lifanyiwe matengenezo. Lilikuwa ng'ambo ya barabara, limeinuliwa juu ya jeki, gurudumu moja liko chini. Alisimama kunisalimia kwa mikono miwili. Nikamwagizia chai.

Sikutaka kumwuliza habari za mpira. Nilimwuliza habari za nyumbani, mvua, mama yake. Lakini yeye mwenyewe aliufikia mpira haraka.

"Mwalimu, kesho kocha ataniweka?"

Nikamwambia sijui, na kwamba si mimi ninayepanga. Akasema anajua, ila watu husema kocha hunisikiliza. Halafu akanieleza jambo ambalo alinisihi nisimwambie mtu.

Baba wa nyumba anakofanya kazi alikuwa mchezaji ujanani mwake. Kila Ijumaa asubuhi humwuliza, "Leo unacheza?" Akisema anacheza, anaambiwa nenda, rudi baada ya magharibi. Akisema hachezi, basi madam ana safari zake za maduka na watoto wana safari zao, na siku inakwisha hivyo. Hana mapumziko mengine.

"Na ukimwambia unacheza, halafu ukae benchi?" nilimwuliza. Nakiri kwamba nilikuwa nikimfundisha uongo.

Akatabasamu kwa haya. "Nikirudi ananiuliza nilicheza vipi, Mwalimu. Anataka pasi moja moja. Ijumaa iliyopita nilitolewa mapema, ikabidi nimwambie. Akasema ukikaa benchi wiki ijayo, hakuna haja ya kwenda. Siwezi kutunga mechi nzima na siwezi kumdanganya yule mzee. Yeye ndiye mtu pekee kwa ile nyumba anayeniita kwa jina langu."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani, na sisi tulidhani tunajadili jezi.

Nikamwambia nitamweleza kocha. Akakataa mara moja, kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. "Hapana. Ataniweka kwa huruma. Huruma iko mingi, Mwalimu. Kama sifai, nisiwekwe."

Nikakubali, kwa sababu alikuwa amesema vizuri.

Chai ikaletwa. Akainua glasi, akapuliza, akaipeleka mdomoni. Wakati huo huo ng'ambo ya barabara, yule fundi wa gereji, Mpakistani mmoja mnene, akamfokea msaidizi wake aliyekuwa akisukuma gari jingine: "Yalla! Yalla!"

Mwendwa alikuwa amesimama.

Sikumwona akisimama. Glasi ilikuwa mezani, chai imemwagika kidogo kando yake, na yeye yuko wima, mkono ndani ya mfuko wa suruali, anapapasa funguo za gari ambalo liko juu ya jeki bila gurudumu. Ilichukua muda hadi macho yake yakarudi mkahawani. Kisha akaketi, akacheka, akajifuta vidole.

"Nilidhani ni mimi."

Niliweka glasi yangu chini pia. Nikamwuliza kama hilo humtokea mara nyingi. Akasema kwa ile nyumba huwa hivyo. "Yalla ya kwanza inatakiwa inikute kwa gari. Ya pili ni ya kunikasirikia. Ukingoja ujue unaitiwa nini, ushachelewa."

"Na uwanjani?"

Alifikiri. Nililiona jibu likimjia polepole, kama mtu anayekumbuka mahali alipoacha kitu.

"Uwanjani mkiniambia yalla, naachilia," alisema. "Si ndiyo mnataka niachilie?"

Hapa lazima nieleze tena, mniwie radhi. Neno hilo kwa wenyeji wa huku lina maana nyingi. Ni haya, ni twende, ni harakisha, hata kwaheri kwenye simu linatumika. Sisi tunaotoka Kenya hulifahamu kabla ya neno lingine lolote, kwa sababu ndilo linalotukaribisha uwanja wa ndege na ndilo linalotuamsha asubuhi. Tukishalizoea tunalichukua liwe letu. Uwanjani tumeligeuza kuwa wimbo wa kushangilia. Mchezaji wetu akipata mpira, upande wote wa mstari unapaza sauti, yalla, yalla, na maana yetu ni jipe moyo, tuko nawe, songa. Tulilitoa majumbani mwa watu tukalipeleka kwenye vumbi la Ijumaa, tukadhani limeacha maana yake ya nyumbani kule kule.

Kwa mshambuliaji halina madhara. Mshambuliaji akiharakishwa anakimbia, na kukimbia ndiyo kazi yake. Beki akiharakishwa anaubutua mpira mbali, na hilo nalo linafaa. Tito alikuwa amekaa huku miaka mingi, masikio yake yameota sugu. Lakini huyu ni kijana ambaye siku zake sita za wiki anafunzwa kwamba kungoja ni kosa, kisha siku ya saba tunampa jezi ambayo kazi yake ni kungoja, na tunasimama karibu na sikio lake tukimpigia kelele zile zile.

Mazoezini hakuna mashabiki. Kuna wachezaji tu, na wao huitana kwa majina, na kuna Saidi, ambaye neno lake ni moja: "Tulia."

Kifua kijana anacho.

Nilirudi kwenye basi langu tupu, nikafunga mlango, nikatafuta kwenye simu kile kipande cha mechi ya Ijumaa iliyopita. Nilikuwa nimekitazama mara nyingi wiki hii, lakini daima bila sauti, kwa sababu wenzangu chumbani hulala mchana, wao ni wa zamu za usiku. Jana nilikitazama kwa sauti. Mpira unamfikia, kelele zinapanda, anauachilia. Unamfikia tena, kelele, anauachilia. Mara moja tu mpira ulimkuta upande wa pili wa uwanja, mbali na sisi, na pale alisimama nao, akageuka, akatoa pasi safi ambayo hakuna aliyeitaja kwenye mjadala wetu wote.

Na katika zile kelele, kila mara, kuna sauti inayotangulia nyingine. Ni nzito, imezoea kufika nyuma ya darasa bila msaada.

Ni yangu.

Nilicheka peke yangu ndani ya basi, kisha nikaacha kucheka.

Baada ya swala ya magharibi nilimpigia kocha Saidi. Nilimweleza habari za chai, jeki, na kile kipande cha video. Habari za ruhusa ya Ijumaa sikuzigusa, maana niliombwa nisizitaje na nilitaka hoja isimame kwa miguu ya mpira peke yake.

"Mwalimu, hebu ngoja," alisema Saidi. "Wataka kunambia ni neno tu?"

"Ni neno, na mahali anapolisikia wiki nzima."

"Mie simwambii vile. Mie humwambia tulia."

"Ndiyo. Na kwako anatulia."

Nilisikia kiyoyozi cha mtu kikinguruma nyuma yake, nadhani alikuwa bado kazini.

"Kumbe," alisema. Kisha, baada ya kufikiri: "Lakini nikwambie kweli, Mwalimu. Mie nina watu kumi na mmoja uwanjani, na hao nawaweza. Wale walioko nje ya mstari ndio siwawezi. Na wewe ndiye imamu wao."

Nilikubali lawama hiyo, sikuwa na pa kuipeleka.

"Haya," alisema. "Nitamwanzisha. Lakini zile kelele zikianza, na yule kijana akianza kuutupa mpira, namtoa dakika hiyo hiyo. Simwachi aaibike mbele za watu mara ya pili. Na nikimtoa kesho, simrudishi tena, atanisamehe. Watu wamenishika koo. Wanyamazishe wewe, ndiyo kazi yako."

Leo asubuhi ameituma orodha kundini. Namba kumi ni Mwendwa.

Njoroge alikuwa wa kwanza. "Halas, tumeshafungwa kabla ya viatu." Wakafuata wengine, wa furaha na wa kilio. Nikaandika maelezo yangu, marefu kidogo, na mtu akajibu, "Mwalimu ameingia darasani, na leo ni Ijumaa." Nekesa akatuma sauti fupi kutoka Riyadhi: "Msomeni, nyinyi. Mimi hata nikiwa usingizini nikisikia hilo neno nimeshika ufagio."

Baadaye Njoroge akanipigia simu. Alikuwa anatoka zamu.

"Sasa mzee wangu, tusishangilie? Tuende tukasimame pale kama tumeenda kuona mgonjwa?"

Nikamwambia washangilie watakavyo, mpira ukiwa kwa mtu mwingine. Nikamwuliza ile redio yake ya kazini, msimamizi akisema yalla, yeye hufanya nini.

Nilisikia magari.

"Huwa nishafungua lango kabla sijaona gari," alisema. Halafu kwa sauti ya chini, ya mtu anayejisemea: "Siku moja nilifungulia lori la taka, bosi amengoja nyuma yake." Akacheka, nami nikacheka. "Sawa, Mwalimu. Lakini akipoteza wa kwanza, mimi na mdomo wangu sijui."

"Funga mdomo kwa mkono."

"Mkono ninao mmoja wa simu."

"Basi acha simu."

Nilipokata simu nikakuta ujumbe wa Mwendwa. Alikuwa ameiona orodha. Aliandika kwamba baba wa nyumba ameshamwuliza, naye amejibu ndiyo. Kisha: "Mwalimu sasa waweza kuwaambia lile jambo. Sasa nimewekwa. Jina badilisha tu." Ndiyo maana nimeliandika hapa. Asingeruhusu, lingebaki kwangu.

Sasa nimechoka kwa namna nyingine. Nimechoka kwa sababu sina hakika. Huenda nimeona neno pale ambapo hakuna neno, kwa tabia yangu ya ualimu, ya kutaka kila jambo liwe na sababu inayoandikika ubaoni. Huenda kijana hana mpira wa mechi, basi, kama walivyo wengi wenye miguu mizuri. Mimi mwenyewe nimewahi kuona wanafunzi hodari kwa mdomo ambao karatasi ya mtihani iliwageuza mawe, na si wote walikuwa na sababu ya kupendeza namna hii.

Akishindwa leo kukiwa kimya, basi ameshindwa yeye, na atalijua hilo, na nadhani ataliweza. Ni mtu mzima. Akishindwa kwa sababu ya kelele zetu, atarudi kwenye ile nyumba baada ya magharibi, atamweleza mzee pasi moja moja kama kawaida yake, na Ijumaa ijayo atakuwa kwenye maduka na mifuko mikono yote miwili, nasi tutasema ana kiburi.

Hatumdai ushindi. Bani Malik wana timu nzuri, nawaona kila siku wakipanda ngazi mbili mbili. Tunachoweza kumpa ni ile pumzi moja tu, na hiyo haiko kwa kocha wala kwake. Iko kwetu tuliosimama kwenye mstari, na kwangu kabla ya wengine.

Kama unakuja uwanjani leo alasiri, fanya hili moja. Mpira ukimfikia, nyamaza.